Umeshinda kesi, deni halijalipwa: namna ya kukazia hukumu Rubavu na ng'ambo ya mpaka

Wafanyabiashara wengi wanaovuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma hudhani kwamba kesi huisha siku hakimu anaposoma hukumu. Ukweli ni kwamba siku hiyo mshindi hupata karatasi. Fedha bado ziko kwa aliyeshindwa, na asipotaka kuzitoa mwenyewe, sheria inampa mshindi njia za kuzipata, lakini haimfanyii kazi hiyo bila yeye kuomba. Hatua hizo huitwa kukazia hukumu.

Makala hii inaeleza hatua hizo kwa mfanyabiashara au msafirishaji wa Nengo, Mbugangari na seli nyingine za mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu. Inaeleza pia kinachotokea mdaiwa, gari lake au fedha zake zikiwa upande wa pili wa mpaka, kwa sababu hapo ndipo madeni mengi hupotelea. Makala hii haichukui nafasi ya wakili. Lengo lake ni kumwezesha msomaji kufika kwa wakili akijua aulize nini.

HUKUMU IPI INAWEZA KUKAZIWA

Si kila hukumu inaweza kukaziwa siku inapotolewa. Nchini Rwanda mambo haya yanaongozwa na sheria namba 22/2018 ya tarehe 29 Aprili 2018 kuhusu mwenendo wa kesi za madai, biashara, kazi na utawala. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa. Akikata rufaa ndani ya muda huo, kwa kawaida ukaziaji husimama hadi rufaa iamuliwe. Siku zikipita bila rufaa, au rufaa ikiisha, hukumu inakuwa ya mwisho.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Unapofungua kesi unaweza kumwomba hakimu aamuru hukumu itekelezwe kwa muda hata kama mpinzani atakata rufaa. Ombi hili lina nguvu zaidi pale mdaiwa alipolikubali deni kwa maandishi. Ukisubiri hadi hukumu isomwe ndipo ulikumbuke, umechelewa.

Hukumu ikishakuwa ya mwisho inahitaji muhuri wa ukaziaji, ambao kwa Kinyarwanda unaitwa kashe mpuruza. Huo ndio unaoamuru maofisa wa serikali na vyombo vya usalama kusaidia utekelezaji. Nakala isiyo na muhuri huo ni ya kusoma nyumbani tu, na hakuna ofisa atakayeifanyia kazi. Tangu 2016 kesi nyingi za Rwanda hufunguliwa na kufuatiliwa katika mfumo wa kompyuta unaojulikana kama IECMS, na nakala za hukumu hupatikana humo. Tunza namba ya kesi yako kama unavyotunza namba ya kontena.

Hukumu si hati pekee yenye nguvu hiyo. Makubaliano ya kulipa deni yaliyoandikwa mbele ya noteri, yakiwekewa muhuri wa ukaziaji, yanaweza kutekelezwa bila kwenda mahakamani kwanza. Kwa mtu anayekopesha mzigo mara kwa mara, ada ya noteri ni ndogo kuliko gharama ya kesi ya miezi mingi.

NANI ANAKAZIA

Mshindi haruhusiwi kwenda mwenyewe kuchukua mali ya mdaiwa, hata akiwa na hukumu mkononi. Anayefanya hivyo anaweza kugeuka mshtakiwa wa kesi ya jinai. Kazi hiyo ni ya mtu anayeitwa kwa Kinyarwanda umuhesha w'inkiko. Upande wa Kongo anajulikana kwa jina la Kifaransa, huissier, na Tanzania kazi inayofanana nayo hufanywa na dalali wa mahakama.

Sheria ya Rwanda ya tarehe 22 Machi 2013 inataja aina mbili za maofisa hao.

Aina ya kwanza ni wa kitaaluma. Hawa wamesomea sheria, wana leseni, na hulipwa ada na anayewapa kazi. Mdai hutanguliza gharama, lakini mwishowe gharama halali hubebwa na aliyeshindwa na huongezwa juu ya deni. Dai risiti kwa kila unacholipa, la sivyo hutaweza kukirudisha.

Aina ya pili si wa kitaaluma. Hawa ni viongozi waliopewa mamlaka hayo kwa sababu ya vyeo vyao, kama vile katibu mtendaji wa seli, wa sekta na wa wilaya. Kwa hiyo mwenye hukumu dhidi ya mtu anayeishi Nengo na mwenye mali hapo hapo anaweza kuanzia kwa katibu mtendaji. Uzuri wake ni gharama ndogo na kwamba kiongozi huyo anawajua watu wake. Udhaifu wake ni kwamba anafanya kazi ndani ya eneo lake tu, ana majukumu mengine mengi, na wakati mwingine anaona taabu kumnadi jirani. Deni likiwa kubwa, au mali ikiwa imesambaa wilaya mbalimbali, wafanyabiashara wengi huona heri kutumia wa kitaaluma.

Asiye na uwezo wa kulipia ushauri anaweza kwenda ofisi ya msaada wa sheria ijulikanayo kama MAJ, ambayo ipo katika kila wilaya ya Rwanda. Ushauri hapo hutolewa bure.

KAZI NGUMU NI KUJUA MALI ILIPO

Ofisa wa ukaziaji si mpelelezi. Ukimpa hukumu bila kumwonyesha mali, atarudi na ripoti kwamba hakuona kitu. Kazi ya kuijua mali ni yako, na wakati mzuri wa kuifanya ni kabla ya kukopesha. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Magari. Usajili wa magari Rwanda uko kwa Mamlaka ya Mapato, RRA. Andika namba ya gari, si rangi yake. Ofisa akikamata gari kwa hati huliarifu shirika hilo ili umiliki usihamishwe.

2. Ardhi na nyumba. Kila kiwanja kilichosajiliwa kina namba. Ukiijua namba, ofisa anaweza kuweka zuio katika daftari la ardhi ili kisiuzwe.

3. Kampuni. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, hutunza daftari la kampuni pamoja na daftari la rehani. Humo utajua kama lori unalolitazama tayari limewekwa rehani benki. Mwenye rehani iliyosajiliwa hulipwa kwanza, na wewe hupata kinachobaki, kama kipo.

4. Akaunti za benki. Hundi, risiti ya malipo ya zamani au ankara yenye namba ya akaunti ni vitu vya kutunza.

5. Wadaiwa wa mdaiwa wako. Kama unayemdai husafirisha mzigo wa kiwanda fulani na bado anakidai kiwanda hicho malipo, fedha hizo zinaweza kuzuiwa kabla hazijamfikia. Hii ni kweli hata kama hana gari wala nyumba kwa jina lake.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ukipata hukumu dhidi ya kampuni yenye dhima ya kikomo, mali inayokamatwa ni ya kampuni, si nyumba ya mkurugenzi wake. Vile vile ukipata hukumu dhidi ya mtu binafsi huwezi kukamata lori la kampuni kwa sababu tu yeye ndiye analiendesha. Kwa hiyo angalia jina lililo kwenye mkataba, kwenye ankara na kwenye mhuri. Mkataba uliosainiwa kwa jina la utani au kwa jina la duka lisilosajiliwa unaweza kukupa hukumu isiyo na mtu wa kumkazia.

NAMNA ZA KUKAMATA MALI

Ofisa huanza kwa kumpa mdaiwa hukumu na onyo la kulipa. Asipolipa, kuna njia kadhaa.

Kukamata vitu vinavyohamishika. Hivi ni bidhaa dukani, mashine, magari. Ofisa huandika orodha, thamani na hali ya kila kitu, na kumteua mtunzaji. Mara nyingi mtunzaji huwa ni mdaiwa mwenyewe. Tangu hapo akikiuza, akikificha au akikiharibu anatenda kosa la jinai. Sheria huacha vitu vya lazima kwa maisha, kama kitanda, nguo na chakula cha familia.

Kuzuia fedha zilizo kwa mtu mwingine. Ofisa hupeleka hati benki au kwa mtu anayedaiwa malipo na mdaiwa wako. Anayepokea hati hiyo hatakiwi kumlipa mdaiwa tena. Akimlipa, anaweza kulazimika kulipa mara ya pili kwako. Kwa wafanyabiashara hii ndiyo njia ya haraka, kwa sababu haihitaji mnada.

Kukamata ardhi na nyumba. Njia hii ina masharti mengi na huchukua muda mrefu. Kwa kawaida hutumika vitu vingine visipotosha.

Zuio la muda kabla ya hukumu. Hili ndilo lenye faida kubwa mpakani. Mdai mwenye ushahidi wa deni, anayeonyesha kwamba mali iko hatarini kutoroshwa, anaweza kuomba hakimu aizuie wakati kesi inaendelea. Lori ambalo leo limeegeshwa Gisenyi kesho laweza kuwa Goma, na kesho kutwa Butembo. Hukumu nzuri itakayotoka baada ya miezi sita haitalirudisha. Zuio halikupi lori, ila linalifanya libaki mahali ambapo hukumu yako itakuwa na nguvu. Lakini tahadhari: ukilizuia bure na baadaye ukashindwa kesi, mwenye gari anaweza kukudai fidia ya siku zote ambazo halikufanya kazi.

"GARI HILI SI LANGU"

Hakuna maneno yanayosikika zaidi siku ya ukamataji kuliko hayo. Gari ni la shemeji, bidhaa ni za mke, duka ni la rafiki aliye Kigali. Wakati mwingine ni kweli. Ofisa huangalia kadi ya gari na hati nyingine zilizopo, na mtu wa tatu anayesema mali ni yake ana haki ya kwenda mahakamani kupinga. Kesi hiyo inaweza kuchelewesha kila kitu.

Kinga yake ni maandishi ya mapema. Unapokopesha, omba nakala ya kadi ya gari na ya kitambulisho. Kama mali ni ya mwanandoa au ya ndugu, mwenye mali asaini kama mdhamini. Mdhamini aliyesaini naye anakuwa mdaiwa, na maneno ya "si langu" hayamsaidii tena.

MNADA

Mdaiwa asipolipa, mali iliyokamatwa huuzwa kwa mnada, yaani cyamunara. Zamani minada ilifanyika mbele ya nyumba au sokoni, na malalamiko yalikuwa mengi kwamba watu wachache walipanga bei na kununua kwa bei ya kutupa. Kwa amri ya Waziri wa Sheria ya tarehe 12 Mei 2020, minada ya kukazia hukumu ilihamishiwa kwenye mtandao. Anayetaka kununua hujisajili na kuweka dhamana ya asilimia 5 ya thamani ya mali. Wasioshinda hurudishiwa fedha zao. Kila mtu anaweza kushindana hata akiwa mbali na Rubavu.

Mdaiwa anaweza kulipa wakati wowote kabla mali haijauzwa, na mnada ukasimama. Fedha za mnada hulipa gharama na wadai kwa utaratibu wa kipaumbele. Zikizidi deni, ziada ni ya mdaiwa. Mdai asitegemee kuchukua lori la milioni 40 kwa deni la milioni 12.

HUKUMU ISIYO YA FEDHA

Mara nyingine mahakama haikuamuru fedha, imeamuru mtu akabidhi gari, arudishe hati za forodha au aondoke ghalani. Kama kitu kipo, ofisa anaweza kukichukua na kukukabidhi. Kama linalotakiwa ni kitendo cha mdaiwa mwenyewe, omba mahakama iweke faini ya kila siku ya kuchelewa, ambayo kwa Kifaransa huitwa astreinte. Faini hiyo huongezeka kadiri anavyokaidi, na wengi hutii wanapoona hesabu yake.

Kuhusu jela: kutokuwa na uwezo wa kulipa deni la mkataba si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda na Kongo ni wanachama wake, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kumlipa askari ili amweke dereva ndani hadi tajiri wake alipe si kukazia hukumu. Ni hatari kwako na kwa askari huyo.

MDAIWA AKIWA GOMA

Hapa ndipo mfanyabiashara wa Nengo huona kwamba mita chache za mpaka zina uzito. Muhuri wa mahakama ya Rwanda hauvuki Petite Barrière wala La Corniche. Ofisa wa Rwanda akivuka ni msafiri kama wengine. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa hapa hapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, lakini haikuleta mahakama moja ya madeni ya wafanyabiashara.

Hukumu ya Rwanda hupata nguvu Kongo baada ya mahakama ya Kongo kuikubali. Ombi hilo mawakili wa pande zote mbili huliita exequatur. Sheria ya Kongo namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013, kifungu cha 119, inaweka masharti matano:

1. Hukumu isipingane na utaratibu wa umma wa Kongo.
2. Iwe ya mwisho kwa sheria ya nchi ilikotolewa.
3. Nakala iwe halisi kwa sheria ya nchi hiyo.
4. Haki ya mshtakiwa ya kujitetea iwe imeheshimiwa.
5. Mahakama iliyotoa hukumu isiwe imepata mamlaka kwa sababu tu ya uraia wa mdai.

Sharti la nne ndilo linaloangusha wengi. Mdai hufungua kesi Rwanda, mdaiwa wa Goma hapati mwito kwa njia inayokubalika, hukumu inatoka bila yeye kuwepo. Inaonekana ushindi rahisi, lakini mbele ya hakimu wa Kongo hauna miguu. Tunza ushahidi wa jinsi mwito ulivyomfikia, tarehe na saini yake.

Ombi likikubaliwa, ukaziaji wenyewe hufuata sheria za OHADA, ambazo Kongo ilijiunga nazo tarehe 12 Septemba 2012. Rwanda si mwanachama. Sheria ya pamoja ya OHADA kuhusu ukusanyaji wa madeni na ukaziaji, ya tarehe 10 Aprili 1998, ilifanyiwa marekebisho tarehe 17 Oktoba 2023, na marekebisho hayo yalianza kutumika Februari 2024. Humo mna zuio la akaunti za benki, ukamataji wa vitu, na amri ya haraka ya kulipa kwa deni lililo wazi. Kutokana na amri hiyo ya haraka, mara nyingine ni nafuu kumshtaki mdaiwa Kongo moja kwa moja, alipo yeye na mali yake, kuliko kushinda Rwanda kisha kuomba hukumu ikubaliwe upya.

Wasafirishaji wakumbuke jambo jingine. Sheria ya OHADA ya 2003 kuhusu usafirishaji wa mizigo kwa barabara inahusu hata safari inayoanzia Gisenyi, mradi mzigo unashushwa Kongo. Muda wa kudai mahakamani kwa kawaida ni mwaka 1 tangu mzigo ulipofika, na lazima kwanza upeleke malalamiko ya maandishi, ndani ya siku 60 tangu mzigo kufika. Anayengoja "tuelewane kindugu" kwa miaka miwili hana tena cha kukazia.

HALI TANGU JANUARI 2025

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa AFC/M23. Mahakama za serikali ya Kinshasa mjini humo zilisimama na benki za biashara zikafunga milango. Kwa mwenye hukumu maana yake ni hii: hata hati sahihi ya Kongo haimpati ofisa wa serikali hiyo wa kuitekeleza mahali ambapo haipo, na hati ya kuzuia akaunti haina kazi kwenye benki iliyofungwa. Aidha, uamuzi wa chombo kisichotambuliwa na serikali ya Kongo huenda ukakataliwa na mahakama ya nchi nyingine utakapoupeleka huko.

Kabla ya kulipa mtu yeyote anayekuahidi "kukazia" Goma, uliza ana mamlaka ya nani, na uthibitishe hali ilivyo siku hiyo. Angalia pia kama mdaiwa ana mali kwingine: akaunti Kinshasa, mzigo bandarini, au gari linalovuka kuja Rubavu. Mali iliyo Rwanda inaweza kukamatwa Rwanda kwa hukumu ya Rwanda, hata kama mwenyewe anaishi Goma. Deni nalo halifutiki kwa sababu mahakama zimesimama. Endelea kupata saini za kulikiri deni, kwa sababu zitakusaidia baadaye kuhesabu muda.

MTU WA GOMA ANAYEMDAI MTU WA RUBAVU

Njia ni ile ile kwa kugeuza. Hukumu ya Kongo lazima ikubaliwe na mahakama ya Rwanda kabla ofisa wa Rwanda hajaigusa. Mdai anaweza pia kufungua kesi Rwanda moja kwa moja. Mahakama za biashara za Rwanda zilianza kazi 2008, na kati ya miji ziliyowekwa, Musanze ndio ulio karibu zaidi na Rubavu. Mgeni anayeshtaki ajue kwamba mshtakiwa anaweza kuomba aweke dhamana ya gharama, isipokuwa pale mkataba kati ya nchi unapomwondolea sharti hilo.

HUKUMU YA RWANDA KENYA, UGANDA NA TANZANIA

Kwa wanaopitisha mizigo Mombasa, kuna habari njema. Sheria ya Kenya ya 1984 kuhusu hukumu za kigeni inaitaja Rwanda miongoni mwa nchi ambazo hukumu zake husajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya. Muda wa kuomba ni miaka 6 tangu hukumu. Ikisajiliwa, hukaziwa kama hukumu ya Kenya, ingawa mdaiwa anaweza kuomba usajili ufutwe kwa sababu zilizotajwa katika sheria.

Katika nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza, pale hukumu ya nchi fulani isipokuwa katika orodha ya kusajiliwa, mshindi hufungua shauri jipya akiitumia hukumu yake kama ushahidi wa deni. Uliza hilo kwa wakili wa Kampala au Dar es Salaam kabla ya kulipa nauli ya mashahidi.

Wengi huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya tarehe 11 Julai 2022, na kwa hiyo baadhi ya watu walitarajia kwamba madeni ya Goma yangeishia Arusha. Sivyo. Mahakama hiyo huangalia kama nchi au chombo cha Jumuiya kimevunja Mkataba, na mlalamikaji ana miezi 2 tu ya kufungua shauri. Inaweza kukufaa kama idara ya serikali imezuia lori lako kinyume cha Mkataba. Haikufai kwa mnunuzi wa saruji aliyezima simu.

USULUHISHI UNAVUKA MPAKA KWA URAHISI ZAIDI

Kuna hati moja inayosafiri vizuri kuliko hukumu: tuzo ya msuluhishi. Mkataba wa New York wa 1958 unazitaka nchi wanachama kuzitambua na kuzitekeleza tuzo za nchi nyingine, na sababu za kukataa ni chache. Tanzania ilijiunga 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008 na Kongo 2014. Rwanda ina kituo chake cha usuluhishi, KIAC, kilichoanza kazi Kigali 2012.

Bado utahitaji mahakama ya mahali ilipo mali ili tuzo ikaziwe, na gharama za wasuluhishi si ndogo. Kwa mzigo wa dola 800 haifai. Kwa mkataba wa mwaka mzima wa kusafirisha mafuta au saruji, kifungu kimoja cha usuluhishi katika mkataba kinaweza kuokoa miaka.

MAKUBALIANO BAADA YA HUKUMU

Kukazia hakukatazi kuzungumza. Mdaiwa aliyeona hati ya kukamata gari mara nyingi huja na pendekezo la kulipa kidogo kidogo. Kulikubali kunaweza kuwa busara, kwa sababu gari linalofanya kazi linalipa na gari lililofungwa linaoza. Ila liandikwe: kiasi, tarehe, mdhamini, na kwamba akikosa awamu moja deni lote linadaiwa na ukaziaji unaendelea. Usisaini kwamba umelipwa kabla fedha hazijaingia, na usirudishe nakala yenye muhuri hadi senti ya mwisho.

Mdaiwa akiwa amefilisika kweli, sheria ya Rwanda ya ufilisi ya 2021 inawaweka wadai wote katika utaratibu mmoja. Hapo ukamataji wa mtu mmoja mmoja husimama, na kazi yako ni kuwasilisha dai lako kwa msimamizi kwa wakati.

ORODHA YA KUBEBA

Unapokwenda kwa ofisa wa ukaziaji au wakili, beba:

- Nakala ya hukumu yenye muhuri wa ukaziaji, na namba ya kesi.
- Uthibitisho kwamba muda wa rufaa umepita au rufaa imeamuliwa.
- Ushahidi wa mwito uliompata mdaiwa, hasa kama yuko ng'ambo.
- Jina kamili la mdaiwa kama lilivyo kwenye kitambulisho au kwenye usajili wa kampuni.
- Orodha ya mali: namba za magari, namba za viwanja, benki, na watu anaowadai malipo.
- Hesabu ya deni: kiasi cha hukumu, riba iliyoamriwa, kilicholipwa na gharama zenye risiti.

Na kabla ya mzigo ujao kuondoka ghalani, jiulize: mnunuzi huyu asipolipa, mali yake ninayoweza kuikamata iko upande gani wa mpaka? Kama jibu ni kwamba yote iko upande ambao hukumu yako haifiki, dai malipo kabla ya mzigo kuvuka, au dai mdhamini mwenye mali upande wako.